Sungura wa watoto anahitaji mtu mzima

Mfugaji wa Kibimba akiulizwa ana mifugo gani, huanza na ng'ombe kama anao, akaja kwa mbuzi na nguruwe, akamalizia na kuku. Sungura hamtaji, hata kama kibanda kipo hapo hapo nyuma ya jiko, kati ya migomba, na ndani yake wamo watano. Akikumbushwa hucheka kidogo na kusema hao ni wa watoto. Ndivyo ilivyo katika kata hii ya Wilaya ya Ngara, ndivyo ilivyo ukishuka upande wa Biharamulo, na ndivyo ilivyo katika vijiji vingi vya Tanzania.

Mtoto kuwa na mnyama wake ni jambo jema. Hujifunza kuamka mapema, hujifunza kumhurumia asiyeweza kusema, na akiuza mmoja anapata daftari. Lakini mnyama wa watoto amegeuka kuwa mnyama asiye na mwenyewe. Majani atafute mtoto, banda ajenge mtoto kwa mabanzi yaliyobaki, maji akumbuke mtoto akirudi shule. Sungura akiugua, wa kwanza kujua ni yule yule mtoto, ambaye hana fedha ya dawa wala namba ya simu ya afisa mifugo. Asubuhi inayofuata mnyama amekauka, na wakubwa wanatoa hukumu iliyozoeleka: sungura hafugiki, hufa hovyo.

Hukumu hiyo haina haki. Sungura anayetunzwa vizuri huishi miaka 8 hadi 10, na wengine hufika 12. Hewa ya vilima vya Ngara inamfaa kuliko joto la Tanga au Dar es Salaam, na majani hayakosekani sehemu kubwa ya mwaka. Kinachokosekana ni mtu mzima anayemjua na anayekubali kuwajibika kwa ajili yake.

Kumjua kunaanzia alikotoka. Sungura wa bandani si yule anayekatiza mbele ya taa za malori usiku kwenye barabara ya kwenda Rusumo. Yule wa porini huzaa watoto wenye manyoya na macho wazi, wanaoweza kukimbia muda mfupi baada ya kuzaliwa. Wa kufugwa asili yake ni Hispania na Ureno, ambako wahenga wake waliishi kwenye mashimo, penye giza na ubaridi. Watoto wake huzaliwa uchi na vipofu, macho yakafunguka yapata siku ya 10. Mnyama wa shimo akiwekwa kwenye kizimba kilicho wazi pande zote, bati juu yake na mbwa wakipita chini, anaishi kwa hofu kutwa nzima, na sungura mwenye hofu hali vizuri. Kasha dogo la mbao lenye nyasi kavu, likawekwa kwenye kona ya banda, linaondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo, tena bila gharama.

Halafu kuna tumbo, na hapa ndipo wengi wanapompotezea maisha. Sungura hatapiki. Hana uwezo huo kabisa. Kilichoingia lazima kipite. Majani anayokula huchachuliwa ndani ya mfuko mkubwa ulio mwishoni mwa utumbo mwembamba, na wafanyakazi wa humo ni bakteria wanaovunja nyuzinyuzi. Alfajiri, mtoto mwenye subira anaweza kumwona sungura amejikunja, ameingiza kichwa katikati ya miguu ya nyuma, kisha anainuka akitafuna. Amekula kinyesi chake. Si zile gololi kavu zilizotapakaa sakafuni, bali vidonge laini, vyeusi, vyenye utelezi, vilivyoshikana kama kichala, anavyovipokea kwa mdomo vikitoka. Humo mna protini na vitamini za kundi B zilizotengenezwa na wale bakteria, na sungura anayezuiwa asivile hudhoofika. Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 11, kinamweka sungura miongoni mwa wanaocheua lakini hawana kwato zilizopasuka, na ndiyo maana familia za Wasabato hazimli. Aliyewahi kumtazama akitafuna alfajiri bila jani mbele yake anaelewa kwa nini watu wa kale walimwona hivyo.

Tumbo la namna hiyo halitakiwi kusimama. Sungura aliyeacha kula kwa saa 12 ni mgonjwa wa dharura, si wa kusubiriwa mpaka mnada upite. Naye hapigi kelele. Ni mnyama anayewindwa, hivyo maumbile yake ni kuficha maumivu hadi mwisho. Dalili ni ndogo: gololi zimepungua au zimekuwa ndogo kama punje za mtama, mgongo umekunjwa, macho yamefumbwa nusu, meno yanasagwa taratibu. Mtoto wa miaka tisa anaweza kuziona zote. Swali ni kama kuna mkubwa atakayemsikiliza.

Chakula chenyewe si kigumu. Nyasi ndizo mlo, vingine vyote ni kitoweo. Meno ya mbele ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote, kiasi cha sentimita 10 au zaidi kwa mwaka, na kinachoyapunguza ni kutafuna nyasi ngumu kwa saa nyingi. Anayelishwa pumba za mahindi asubuhi na jioni hunenepa, huharisha, na meno yake hurefuka mpaka yakapishana na kumzuia kula. Matembele, majani ya karoti na kishona nguo kinachoota pembeni mwa shamba la maharage ni vyema kama nyongeza. Karoti yenyewe, ambayo kila mchoro wa sungura humwonyesha ameishika, ina sukari nyingi na inatosha kipande mara chache. Majani ya mparachichi ni sumu kwake, na miparachichi ipo katika nyumba nyingi za Kagera. Majani ya viazi mviringo na ya nyanya asipewe. Kisamvu kibichi kina sumu ileile inayowafanya watu wakitwange na kukipika kwa muda mrefu, kwa hiyo mtoto asikichume na kumtupia kama kilivyo.

Juu ya umande kuna ubishi wa siku nyingi. Wapo wanaoamini jani lenye umande huua papo hapo. Umande peke yake hauui. Kinachoua ni majani mabichi yaliyokatwa yakiwa yameloa, yakashindiliwa kwenye kiroba hadi yakapata joto na kuanza kuchacha, ndipo yakamwagwa bandani jioni. Kinachoua pia ni mabadiliko ya ghafla. Mvua za kwanza zinapokuja baada ya kiangazi, vijani laini vinachipua kila mahali, na sungura aliyezoea nyasi kavu kwa miezi mitatu anajaziwa vijani hivyo kwa siku moja. Kubadilisha kidogo kidogo kwa muda wa wiki nzima kunamnusuru.

Maji ni suala la kusemwa wazi, kwa sababu imani kwamba sungura hanywi maji imeua wengi. Sungura wa kilo 3 anahitaji takriban glasi moja hadi mbili kwa siku, na jike anayenyonyesha anaweza kunywa lita nzima. Bakuli la udongo lililo zito, lisilopinduka, likaoshwa kila asubuhi, linatosha.

Sasa dawa. Katika vijiji vya Ngara na Biharamulo, duka la dawa muhimu huwa karibu kuliko mtaalamu wa mifugo. Sungura akianza kukohoa au kutoa kamasi, mzazi mwenye huruma hufanya lile analolifanya kwa mwanawe: ananunua vile vidonge vya rangi mbili, amoksilini au ampisilini, anafungua kimoja, anachanganya unga na maji na kumnywesha. Siku moja au mbili sungura anaonekana ametulia. Kisha anaanza kuharisha, anapoa masikio, na anakufa. Nyumba nzima inaamini ugonjwa umemshinda nguvu.

Si ugonjwa uliomuua. Dawa za jamii ya penisilini zikipita mdomoni huwaua wale bakteria wema wa tumbo la sungura, na nafasi yao huchukuliwa na wengine wanaotoa sumu. Linkomisini na klindamisini hufanya vivyo hivyo. Kuna viuavijasumu ambavyo sungura huvistahimili, na mtaalamu wa mifugo anavijua, lakini hakuna hata kimoja cha kubahatisha. Dawa ileile inayomponya mtoto homa ya mapafu ni hatari kwa mnyama anayelala nyuma ya jiko, na hakuna maandishi kwenye pakiti yanayomwambia mzazi hivyo. Hili linapaswa kubandikwa kwa herufi kubwa kwenye kila duka la pembejeo na kila duka la dawa muhimu mkoani Kagera. Gharama yake ni karatasi moja.

Na kuna dawa nyingine za kuogopwa. Dawa ya fipronili, inayotumiwa kuua viroboto wa mbwa na paka, inaweza kumuua sungura. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ilipimwa kwa ajili ya ngozi ya ng'ombe. Na oili chafu ya pikipiki, inayopakwa kwenye ukurutu kwa imani kwamba inaua wadudu, sungura huilamba yote akijisafisha manyoya, na kilichokuwa kwenye ngozi kinahamia tumboni na ini.

Ukurutu wenyewe unatibika kwa urahisi wa kushangaza. Mara nyingi huanzia masikioni. Mtu mzima akimshika sungura kwenye mwanga na kulikunjua sikio, ataona ndani magamba ya kahawia yaliyopangana tabaka juu ya tabaka, makavu, yenye harufu. Chini yake kuna utitiri wadogo mno wanaofyonza na kuuma. Mnyama hutikisa kichwa, hujikuna mpaka damu, na akiachwa muda mrefu shingo inaweza kupinda. Magamba hayo yasibanduliwe kwa kucha, kwa sababu yanauma sana na ngozi iliyo chini yake ni kidonda kibichi. Sindano ya ivermektini, kwa kipimo kinacholingana na uzito wa mnyama, ikarudiwa baada ya wiki mbili hivi, huwamaliza utitiri, na magamba hudondoka yenyewe. Dawa hiyo inapatikana katika maduka mengi ya mifugo, kwa kuwa hutumika kwa ng'ombe na mbuzi. Sungura hukosa tiba kwa sababu tu hakuna aliyemwangalia sikio.

Mwuaji mkubwa wa watoto wa sungura ni koksidiosisi. Wafugaji wa kuku wanalijua jina hilo, ingawa vimelea vya kuku si vya sungura, na vya sungura havimpati kuku. Wanaokufa zaidi ni wale walioachishwa kunyonya karibuni, wa wiki tano hadi kumi na mbili: tumbo linajaa, mgongo unaonekana mifupa, kuharisha kunaanza. Kuna aina inayoshambulia ini na kulijaza madoa meupe, na aliyewahi kuchinja sungura wa namna hiyo ameyaona. Dawa zipo, zikiwemo za jamii ya salfa, kwa kipimo cha mtaalamu. Ila kinga iko kwenye ufagio. Mayai ya vimelea yakitoka na kinyesi hayawezi kuambukiza papo hapo. Yanahitaji unyevu, joto na siku moja hadi tatu ya kukomaa. Banda likifagiliwa kila siku, likawa na sakafu inayopitisha kinyesi na mkojo, na majani yakawekwa kwenye susu badala ya kutupwa chini, mzunguko unakatika. Mtoto anaweza kufagia. Kujenga sakafu inayopitisha kinyesi bila kumjeruhi sungura nyayo, yaani mianzi laini au mbao nyembamba zenye nafasi ndogo, na si waya mwembamba unaokata, ni kazi ya baba au fundi.

Vivyo hivyo kuhusu siafu. Msimu wa mvua wanaweza kuingia kwenye kiota usiku na kumaliza watoto wote kabla ya kucha, maana watoto hao bado hawajafumbua macho wala kuota manyoya. Banda liinuliwe kiasi cha mita moja, kila mguu usimame ndani ya kopo lenye oili chafu. Hapo ndipo mahali pa oili hiyo. Juu ya bati zilazwe nyasi, kwa kuwa sungura hatoki jasho, na joto likipita nyuzi 30 ndani ya banda anategemea zaidi masikio yake kujipoza.

Namna ya kumshika pia ni somo la afya. Katika masoko na kwenye vibanda, sungura hunyanyuliwa kwa masikio, na watoto huiga. Masikio hayo yamejaa mishipa ya damu na hayakuumbwa kubeba mwili. Akining'inia hupiga teke, na misuli yake ya nyuma ina nguvu kuliko uti wa mgongo wake: teke moja linaweza kuuvunja, akapooza. Mkono mmoja uwe chini ya kifua, mwingine uyabebe makalio, na mnyama agande kwenye kifua cha mshikaji.

Uzazi hauhitaji maneno mengi, unahitaji ukuta. Jike huwa tayari kupandwa akiwa na miezi minne hadi sita, hubeba mimba siku 31 hivi, na anaweza kushika mimba nyingine saa chache baada ya kuzaa. Anapokaribia kuzaa hung'oa manyoya ya kifuani mwake na kuyatandika kwenye kiota, kisha huwanyonyesha watoto mara moja au mbili tu kwa siku, kwa dakika chache. Mtoto asiyejua hili hudhani mama amewatelekeza, akaanza kuwatoatoa na kuwanywesha maziwa ya ng'ombe. Dume likiachwa humo humo, jike huzaa mfululizo hadi akakonda na kufa. Watenganishwe wakiwa na miezi mitatu, na anayejua kutofautisha dume na jike awafundishe watoto, maana kwa sungura mdogo si rahisi.

Kilichoharibu zaidi sifa ya mnyama huyu ni ahadi ya utajiri wa haraka. Kenya ilipitia hali hiyo miaka ya 2010: ufugaji wa sungura ulipigiwa debe kila mahali, wakatokea wafanyabiashara waliouza mbegu kwa bei ya juu na kuahidi kuwanunua wote, na wakulima wengi wakabaki na mabanda yaliyojaa bila mnunuzi. Gumzo kama hilo limefika Tanzania pia, pamoja na sifa za mkojo wa sungura kama mbolea. Mkojo huo kweli una naitrojeni na shambani unafaa. Lakini sungura 60 waliobanwa kwenye banda la kubahatisha, kwa mwenye nyumba ambaye hajui hata kuangalia sikio, ni msiba unaosubiri siku. Wawili wanaotunzwa vizuri na mtoto akisimamiwa na shangazi yake ni ufugaji bora zaidi kuliko huo.

Sheria haimbagui. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia na inamtaka anayemfuga ampe chakula, maji, makazi na matibabu. Haikuandikwa kwa ajili ya ng'ombe peke yake. Lakini macho ya serikali yapo kwa wakubwa. Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mjini Bariadi kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, na walengwa walikuwa ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku. Hakuna wa kulalamika kwa hilo, kwa sababu homa ya mapafu ya ng'ombe na mdondo wa kuku hufilisi familia. Sungura hahitaji kampeni ya mabilioni. Anahitaji afisa mifugo anayepita kijijini kuchanja kuku amuulize mwenye nyumba: na wale wa watoto, naweza kuwaona? Dakika tano za kukunjua masikio na kutazama meno zinatosha, akiwa tayari yupo uani.

Wataalamu wa kuanzia hawako mbali. Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, LITA, una kampasi Kikulula, mkoani Kagera. Wanafunzi wake wanaokwenda kwa mazoezi vijijini wanaweza kupewa zoezi la kukagua mabanda ya sungura katika shule za msingi, ambako walimu wa elimu ya kujitegemea wanafuga huku wao wenyewe wakijifunza kwa kubahatisha. Sungura wanapokufa wengi kwa mpigo, sampuli zina pa kwenda, kwani Wakala wa Maabara ya Veterinari una kituo Mwanza. Kinachohitajika ni halmashauri kukubali kwamba kifo cha sungura 20 ni taarifa ya kuandikwa.

Kisha kuna Nanenane. Kila Agosti, kwenye viwanja vya Kyakailabwa mjini Bukoba ambako wakulima wa Kagera wamekuwa wakikusanyika, vizimba vya sungura huvuta watoto kuliko trekta. Waandaaji waweke meza moja mbele ya vizimba hivyo, wamsimamishe hapo mtaalamu mwenye sungura mtulivu mkononi, na kila mzazi anayepita na mwanawe aonyeshwe mambo matatu: sikio safi linavyoonekana, meno ya mbele yanavyopaswa kukutana, na pakiti za dawa ambazo hazitakiwi kabisa kumkaribia mnyama huyu. Ngara na Biharamulo zinaweza kufanya hivyo hivyo kwenye siku zao za minada, bila kungoja Agosti.